Kumtafuta baba wa bibi: daftari la parokia, nyaraka za Upanga na mitandao niliyoijaribu

Bibi mzaa mama alifariki 2008. Kwenye kadi yake ya kupigia kura, kwenye kadi ya hospitali na kwenye msalaba wa kaburi, jina la baba yake ni lilelile, na sisi wajukuu tumelibeba kama jina la ukoo tangu shule ya msingi. Mwaka juzi walikuja kijijini kupima mashamba kwa ajili ya hati za kimila. Mjomba akaulizwa ile mikorosho ya bondeni ilitoka kwa nani. Usiku akanipigia simu.

"Mpwa wangu, lile jina tunaloandika siyo la babu. Yule mzee alimuoa bibi mkubwa akiwa tayari ana mtoto mgongoni. Baba wa mama yetu alichukuliwa upagazi vita ya Mjerumani. Hakurudi."

Nikamuuliza jina lake. Hakulijua. Mzee wa miaka sabini na moja, na jina la babu yake hakuwahi kutajiwa.

Kwetu Wamakua ukoo unapita kwa mama. Nihimo yangu, yaani ukoo wa upande wa mama, ni ya mama, ya bibi na ya mama wa bibi, na hata mtoto wa darasa la pili nyumbani anaitaja bila kukosea. Kwa hiyo mwanaume anaweza kupotea kwenye hadithi na ukoo usitikisike. Lakini mimi nilishindwa kulala. Mtu alibebeshwa mzigo wa vita isiyo yake, akafa huko, halafu hata jina lake likachukuliwa na mwingine.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho wilaya ya Masasi. Miaka kumi na minne nasoma majina ya wakulima kwenye stakabadhi, na najua jina moja linavyoandikwa kwa namna tatu ndani ya msimu mmoja. Nikajiambia hili nitaliweza. Imenichukua miezi kumi na tisa. Haya ni maoni yangu juu ya kila mahali nilipopita, kwa ajili ya mwenzangu wa Newala, Nachingwea, Ruangwa au Lindi ambaye naye ana mtu wake wa kumtafuta.

Nilianzia vibaya, kwenye simu. Kuna tovuti moja ya nje ya kulipia, siitaji jina, inayotangaza kwamba itakutafutia ndugu zako. Nikalipa kwa dola kupitia kadi ya benki ya mdogo wangu, nikaandika jina la ukoo wetu, na kila asubuhi nikawa napokea ujumbe kwamba ndugu amepatikana. Ndugu wenyewe walikuwa watu wa Marekani wenye jina linalofanana na letu kwa herufi nne. Mwezi wa pili wakakata hela tena bila kuniuliza. Mtu wa kusini asitoe hata senti kwa huduma ya namna hii kabla hajaenda kuongea na wazee wake na kufungua daftari la kanisa au kuuliza msikitini. Kumbukumbu zetu nyingi haziko kwenye mashine hizo, na jina ulilonalo mkononi linaweza kuwa siyo.

Mahali panapostahili sifa kuliko pote ni daftari la ubatizo. Kusini tuna bahati ambayo wengi hawaijui: misheni ziliingia mapema. Waanglikana wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) walifika Masasi 1876 na askofu Edward Steere, wakiwa na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Wabenediktini walifungua Lukuledi na Nyangao miaka ya 1890. Na walikuwa watu wa kuandika. Ubatizo, ndoa, kipaimara, kifo, kila kimoja na kitabu chake.

Ila ujue pengo lilipo. Misheni ya Masasi ilivamiwa na Wangoni 1882, halafu mwaka 1905 Majimaji ikateketeza Masasi, Lukuledi na Nyangao. Ndanda ilianzishwa mwaka uliofuata, 1906. Ukimtafuta mtu aliyebatizwa kabla ya hapo, jiandae kukosa. Baada ya hapo, una matumaini ya kweli.

Ujue pia kwamba majimbo yamegawanyika mara nyingi. Jimbo la Lindi la leo liliitwa Nachingwea kuanzia 1963 hadi 1986, na mwaka huohuo wa 1986 likazaliwa jimbo la Tunduru-Masasi. Parokia nazo zimezaa parokia. Kwa hiyo usiulize parokia ya kijiji chenu cha leo. Uliza kijiji kile kilikuwa kigango cha parokia ipi wakati bibi anazaliwa, maana daftari la zamani kwa kawaida hubaki kwa parokia mama.

Parokia ya kwanza niliyokwenda nilikaa kwenye benchi siku mbili, nikaambiwa vitabu vya zamani vimefungiwa na mwenye ufunguo kasafiri. Nilirudi nyumbani nalia, sioni aibu kusema. Ya pili nilikwenda kwa akili zaidi. Nilichukua barua ya paroko wangu, nikaenda siku ya Jumatano na siyo mwisho wa wiki ambapo wako kwenye ndoa na mazishi, nikafika na sadaka yangu kwenye bahasha, na nikasema ninachotafuta kwa sentensi moja: "Naomba kuona ubatizo wa mtoto wa kike, kati ya 1914 na 1918, kutoka vijiji vya upande huu." Katekista mzee aliyekuwepo ofisini akainuka palepale.

Daftari lilikuwa refu kama mkono wangu kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, jalada gumu jeusi, migongo imeliwa na mchwa upande mmoja. Wino umegeuka rangi ya chai ya rangi. Kila ukurasa umegawanywa kwa mistari, na vichwa vya safu ni Kilatini. Nilikuwa nimeandika maneno machache kwenye karatasi, na karatasi hiyo ndiyo iliyoniokoa. *Natus* au *nata* ni aliyezaliwa, mwanaume au mwanamke. *Filia* ni binti, *filius* ni mtoto wa kiume. *Pater* na *mater* unawajua. *Patrinus* ni baba wa ubatizo, *matrina* mama wa ubatizo. *Obiit* ni alifariki.

Tulifungua 1914, hamna. 1915, hamna. Katekista alikuwa anapitisha kidole chini ya mstari bila kugusa karatasi. Mwaka 1916 akasimama. Jina la ubatizo la bibi, ambalo silo la kawaida hata kidogo, na jina la mama yake tunalolijua sote. Kwenye safu ya baba kulikuwa na jina la Kimakua peke yake, halina Petro wala Yohane mbele yake, na pembeni neno moja: *paganus*.

Maana yake mpagani. Baba wa bibi hakuwa amebatizwa. Miezi yote ile nilikuwa natafuta jina la Kikristo la mtu ambaye hakuwahi kuwa nalo! Yule mzee aliyetupa jina la ukoo alikuwa Mkristo wa misheni. Huyu wa kwanza hakuwa. Nililitazama lile neno muda mrefu. Padri aliyeliandika alikuwa anajaza safu tu, ila bila safu ile nisingejua chochote.

Sasa lile jina lenyewe. Lilianza na herufi T, S, C, H zikifuatana, nikadhani ni kosa. Kumbe ndivyo Mjerumani alivyoandika sauti ya "ch" yetu. Hili nalisisitiza kwa yeyote atakayeshika karatasi ya kabla ya 1918: Chiwata utaikuta Tschiwata, Masasi ni Massassi, Nyangao ni Njangao, Sudi ni Ssudi, Wayao ni Wajao. Mtu akiandika "Chiwata" kwenye kisanduku cha kutafutia, mashine itamwambia hakuna kitu, wakati kurasa zipo. Na wale wenye mizizi ng'ambo ya Ruvuma wajue Mreno ana mambo yake: Macua, Maconde. Mimi sasa kila jina naliandika kwa tahajia tatu kabla sijaanza kutafuta.

Piga picha kwa ruhusa tu. Nilikatazwa flashi, nikanakili kwa mkono, na katekista akanisomea mara mbili kuhakikisha.

Kilichofuata sikukitegemea. Jina la baba lilikuwa jina tupu, halikunipeleka popote. Watu wa jina hilo wako vijiji vyote. Aliyenifungulia njia ni *matrina*, mama wa ubatizo. Jina lake lilikuwa na kijiji. Watu huchagua mama wa ubatizo kwa jirani au kwa mtu wa karibu, kwa hiyo nilikwenda kijiji kile kwa bodaboda nikauliza nani mjukuu wa mama huyo. Nikapelekwa kwa bibi mmoja anayeona kwa jicho moja, amekaa ukumbini anabangua korosho. Alilijua lile jina la baba kabla sijamaliza kulitaja. Akaniambia na jina lake la utoto, la kabla ya jando, na mahame yake, yaani makazi ya zamani yaliyohamwa, yalipo.

Mahame. Kama kuna neno moja la kwenda nalo kwa wazee wa Mtwara na Lindi, ni hilo. Usiulize "kijiji chenu cha zamani kiliitwaje", maana watu walihamishwa, tena wengine zaidi ya mara moja, kufikia operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, na majina yakabadilika. Uliza "mahame yenu yako wapi" na mzee atakunyooshea kidole mwembe ule pale.

Na jambo jingine la adabu. Katika mazungumzo yale bibi alianza kusimulia jinsi huyo mama wa ubatizo alivyofika misheni akiwa mtoto, na kwa nini hakuwa na ndugu. Yaliyosemwa hapo siyaandiki, ni ya kwao. Ila kusini karibu kila familia ina mtu aliyekuja kama mateka au aliyeuzwa, na wanaoishi bado linawauma. Usimuulize mzee kama walikuwa watumwa. Uliza bibi alifika akitokea wapi, kisha nyamaza. Akitaka kusema atasema.

Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Nilikwenda Machi, msimu wa korosho ulipoisha, kwa basi la alfajiri, na kitambulisho cha taifa na barua ya mtendaji mkononi. Chukua penseli, kalamu ya wino haina nafasi karibu na karatasi za namna ile. Kwa sheria ya 2002 ya kumbukumbu na nyaraka, kawaida ni kwamba jalada hufunguliwa kwa umma likitimiza miaka thelathini, kwa hiyo usitegemee kusoma mambo ya juzijuzi.

Hapa napenda kusema wazi ili mtu asipoteze nauli: usiende Upanga kutafuta jina la mkulima. Serikali ya Mjerumani na ya Mwingereza ziliandika juu ya kodi, mashauri, maakida na majumbe. Mtu wa kawaida anaonekana pale alipogombana na mtu au alipoitwa kwenye kesi. Nenda ukiwa tayari una jina la mahali na la jumbe wake. Nilivyo na mahame ya babu, niliomba vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza, ambavyo vimepigwa maikrofilamu. Ndani yake maofisa waliandika historia za makabila, nasaba za viongozi na mipaka. Nilisoma siku nzima kwenye kile kioo mpaka kichwa kikaniuma, na nikapata jumbe wa eneo letu na watu waliomtangulia. Babu hayumo. Lakini nikajua alikuwa mtu wa jumbe yupi, na hilo lilimfanya mjomba akumbuke wimbo mmoja unaomtaja jumbe yule. Majalada ya Kijerumani nayo yapo hapohapo, yakiwa na orodha iliyochapishwa Ujerumani 1973. Ni ya Kijerumani tupu na mengi ni mwandiko wa zamani. Mwenye Kijerumani cha kuunga kama mimi ataishia kwenye vichwa vya habari.

Shemeji yangu ni mtu wa Lindi mjini, Mwislamu, na kwao hakuna daftari la ubatizo. Aliniuliza yeye aanzie wapi. Nilimwambia aanze na makaratasi ya nyumbani: wasia, hati za ndoa, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambazo wengi wetu tunaziacha zinaoza sandukuni kwa sababu hatuwezi kuzisoma. Kisha walimu wa madrasa na watu wa tarika, maana isnadi ya mwalimu kwa mwalimu wanaihifadhi vizuri kuliko sisi tunavyohifadhi baba kwa mtoto. Mwaka 1908 ilisambaa Lindi ile iliyoitwa barua ya Makka, Wajerumani wakashtuka wakahofia uasi, wakaandika ripoti na kutafuta nani kaileta. Woga wao umetuachia maandishi juu ya masheikh na waalimu wa pwani ya wakati ule. Na kwa wenye watu waliopita Unguja, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani zina karatasi za masultani na za ubalozi wa Uingereza, pamoja na miswada ya Kiarabu. Yeye hajaenda bado. Akienda nitaandika.

RITA, wakala wa serikali wa usajili, nimewatumia kwa vyeti vya vifo vya wazazi tu. Usajili wa vizazi na vifo wa Mwingereza ulikuwa na sheria ya 1920, na haukuwekwa kwa ajili yetu Waafrika, kwa hiyo bibi wa 1916 usimtafute huko.

Mitandao ya bure je? FamilySearch, ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, haidai hela, na nimeipenda kama kabati. Nimeweka humo mti wa ukoo wetu, na watu walio hai taarifa zao hazionyeshwi kwa wengine, jambo linalonipa amani. Ugumu wangu ni kwamba mti wa namna ile unapanga watu kwa wazazi wawili na jina la familia, nami ninayetaka kuonyesha nihimo lazima niiandike kwenye maelezo ya kila mwanamke mmojammoja. Nimefanya hivyo kwa wanawake kumi na mmoja.

Internet Archive ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Mwaka 1906 mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alishuka Lindi akatembea Masasi, Newala na nyanda za Makonde, akipiga picha na kurekodi nyimbo kwa silinda za nta. Kitabu chake cha Kiingereza cha 1909 kinapakuliwa bure. Ana maneno ya dharau yanayochoma, nawaonya mapema, na kuna mahali nilifunga simu kwa hasira. Lakini sura za watu wetu zimo, mwaka mmoja tu baada ya Majimaji kulipuka, pamoja na ndonya za mdomoni, chale na ngoma. Nilimwonyesha mama picha moja ya wanawake akasema, "Huyu anakaa kama bibi yako alivyokuwa akikaa." Pakua ukiwa mahali penye waifai, mafaili ni mazito, yatamaliza bando lako kabla ya sura ya tatu.

Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani nayo imeweka mtandaoni majalada mengi ya wizara yao ya makoloni, fungu la R 1001. Bure kabisa, ila rudi kwenye somo la tahajia nililoeleza. Na wazao wa Waanglikana wa Masasi wajue karatasi za UMCA ziko Maktaba ya Bodleian, Oxford. Ni mbali, lakini barua pepe haina nauli.

Nimebakiza upagazi. Mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, yalikuwa Oktoba 15 hadi 18, 1917, na tarehe 25 Novemba jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck likavuka mto Ruvuma pale Ngomano. Yule bibi wa jicho moja alisema babu alikwenda "na Mjerumani, njia ya mtoni", nami nadhani ni safari hiyo. Nilitafuta kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ingawa hiyo ni ya upande wa Mwingereza. Tume yenyewe ilitoa ripoti 2021 ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Niliisoma ripoti hiyo ofisini, wakulima wakiwa foleni dirishani, nikalazimika kutoka nje kidogo. Kama wako alibeba mzigo wa Mwingereza, jaribu hiyo tovuti. Kama alibeba wa Mjerumani, jina lake litafute kwa waliobaki nyumbani.

Kwenye mahame tulikwenda Agosti, mjomba, mama, mimi na kijana wa kufyeka njia. Mwembe upo, na vigae vya mitungi vimetapakaa chini. Mjomba alimwaga unga kwenye shina, akamwita babu yake kwa jina lake, akarudia na lile la utoto. Sauti ilimkatika mara ya pili.

Nyumbani tumenunua kaunta buku kubwa, tumechora safu kama za daftari la parokia, ila safu ya kwanza ni nihimo. Mama ndiye anayelitunza, kwenye sanduku la vitenge. Babu yuko mstari wa nne. Alipofia nimeacha wazi, kwa penseli.